Gari Chini ya Turubai

4 Februari

Kwako Baba Mdogo,

Shikamoo. Sijui kama bado unatumia sanduku hili la posta, lakini naandika hivyo hivyo. Sisi huku wazima. Mume wangu yuko kwenye nyaya zake za umeme kama kawaida, na binti yetu ameanza darasa la kwanza. Wiki ya kwanza tu amekwisha kupoteza kifutio, sweta na jino la mbele. Mama yuko nasi tangu tulipomzika Baba. Magoti yanamsumbua, ulimi haujambo.

Nakuandikia kwa jambo moja. Ile nyumba yetu ya huko tumeipangisha, na wapangaji wanataka gereji iwe tupu kabla mwezi haujaisha. Gari la Baba bado limo, chini ya turubai, pale pale lilipowekwa miaka kumi na tisa iliyopita. Kuna mtu wa vyuma chakavu yuko tayari kulibeba. Nilitaka kumwita yeye moja kwa moja, ila Baba aliacha neno kwamba siku gari likitoka, litoke kuja kwako. Hakueleza zaidi.

Ukilitaka, funguo ziko kwa jirani, yule mama mshonaji. Usipolitaka, nyamaza tu, nami nitajua la kufanya. Tafadhali usimtafute Mama. Hajui kama nimekuandikia.

Ni mimi, binti wa kaka yako.


1 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sanduku ni lile lile, na mimi ni yule yule, ila nimepungua. Hujaweka namba ya simu kwenye barua yako, na wala usijisumbue kuiweka. Masikio yamekwisha. Injini zimeyala. Siku hizi mtu akiniuliza habari za asubuhi namjibu saa nne na nusu. Barua ndiyo naisikia vizuri.

Mwambie mjukuu wangu ambaye sijapata kumwona kwamba jino litaota lingine. Sweta asahau.

Gari nimelichukua. Matairi yalikuwa yameshikana na sakafu, ikabidi tulipandishe kwenye lori la mchanga kwa jeki na mbao, kazi ya siku nzima. Sasa limo kwenye gereji yangu, ambayo ina nafasi ya gari moja na mtu mmoja mwembamba. Upande wa mbele kushoto umekunjamana kama karatasi. Kioo cha mbele hakipo. Panya wamezaliana kwenye kiti cha nyuma vizazi na vizazi. Lakini nilipofuta vumbi kwenye mlango nikaona ile rangi ya krimu, nikakaa chini juu ya ndoo.

Huenda baba yako hakukwambia. Gari hili tulilinunua pamoja, mimi na yeye, likiwa mkweche uliotupwa nyuma ya nyumba ya daktari mmoja mzee. Yeye alikuwa fundi wa bodi, mimi wa injini. Tulilitengeneza miaka miwili, jioni na siku za mapumziko, tukigombana kila siku na kula sahani moja. Usukani wake mwembamba kama bangili. Hakuna kama lile hapa mjini.

Nitalitengeneza tena. Peke yangu. Mafundi wa mtaani wamekuja kutaka kusaidia, nikawafungia mlango. Wananiita Breki. Bila shaka unajua kwa nini. Jina hilo nimelibeba miaka kumi na tisa, sasa hata watoto wao wananisalimia nalo bila kujua ni tusi.

Kuhusu mazishi ya kaka yangu, najua ilisemwa kwamba sikuja. Mama yako alinitumia neno nisikanyage pale. Sikukanyaga. Nilisimama ng'ambo ya barabara, kwenye ukuta wa kinu cha nafaka, jeneza likapita mbele yangu. Uliniona. Ukageuza uso.

Baba yako mdogo.


9 Aprili

Kwako Baba Mdogo,

Shikamoo. Barua yako ilifika siku nyingi, nikawa naiahirisha. Kazini wamenifanya msimamizi wa stoo ya hospitali, kwa hiyo kutwa nahesabu glovu na shuka na kugombana na manesi. Mtoto aliugua tonsili, sasa amepona. Mama alianguka bafuni ila hakuvunjika popote, akamlaumu aliyetengeneza sabuni.

Ni kweli nilikuona. Sikujua nifanye nini na uso wangu.

Baba Mdogo, sikukupa lile gari ulifufue. Nilidhani utalikata vipande, utumie kinachofaa, kingine ukitupe. Mdogo wangu alifia ndani yake. Mtu anawezaje kukaa anapiga msasa kitu kama hicho? Kuna watu wana kazi ya kulichukua hata kesho. Likate, tafadhali. Baba amekwisha kufa, mtoto amekwisha kufa, nawe umri umekwenda. Unatafuta nini humo?

Mama akisikia linatembea tena barabarani atakufa.

Ni mimi.


2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mpe pole mama yako, bila kusema imetoka kwa nani. Mimi mzima. Nimejikata kidole kwa bati, kimevimba kikashindwa kushika bisibisi, na cherehani za watu zinanisubiri. Ndiyo kazi yangu siku hizi, kutengeneza cherehani. Cherehani haiwezi kumuua mtu.

Unauliza natafuta nini. Ngoja nikwambie ninachokijua, uone kama kinapungua.

Jumatatu baba yako aliniletea gari, breki zinalia. Nilifungua gurudumu moja baada ya jingine, nikabadilisha kilichochakaa, nikakaza kila nati kwa mkono huu ninaoandikia. Alhamisi akalichukua. Ijumaa mchana akampakia mdogo wako, Bosi, wakaenda kununua mkate. Bosi alikuwa na miaka sita. Mwenyewe ndiye niliyempa jina hilo, maana alipenda kukaa kiti cha nyuma amekunja nne kama mkurugenzi. Kwenye mteremko wa kinu gari lilikwenda likagonga ukuta. Baba yako akatoka na mkono uliovunjika. Bosi hakutoka.

Kuhusu sababu, baba yako alisema maneno mawili tu: breki zilikataa. Kila mtu akanigeukia. Nami, mwanangu, sikubisha. Ndicho mnachokisahau. Sikusema hata neno moja la kujitetea, kwa sababu nami nilijiuliza. Labda niliacha nati moja. Labda niliitwa nikiwa naikaza, nikasahau kurudi. Nimezikaza nati zile kichwani mwangu kila siku kwa miaka kumi na tisa. Nilifunga karakana. Mama yako mdogo alivumilia miaka mitatu ya kuishi na mtu asiyesema, akarudi kwao, na simlaumu.

Sijawahi kuruhusiwa kulifungua lile gari nikajua. Baba yako alilifunika turubai siku ile ile na kufunga gereji kwa kufuli mbili. Mara mbili nilikwenda kumwomba. Mara ya pili alinifungulia, akasimama mlangoni, akanitazama kama mtu anayetaka kutapika, kisha akafunga.

Kwa hiyo silikati. Injini nimekwisha kuishusha na kuipanga upya, pistoni zote zilikuwa zimegandamana. Nikitaka kujua inavyokwenda naegemeza taya langu kwenye mpini wa bisibisi, na bisibisi kwenye injini, nasikia kwa mfupa. Mbele nimeanza kuinyoosha kwa nyundo ya baba yako, alikuwa ameiacha kwenye buti. Kazi ya bodi sikuwa nayo mikononi. Nalaani kila siku, namwita yeye aje anionyeshe.

Breki nimeziacha za mwisho. Naogopa.

Baba yako mdogo.


28 Mei

Baba Mdogo,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, niko kazini. Hatujambo sote.

Kwa nini ujitese kwa hizo breki? Zitakuwa zimeoza, miaka yote hiyo. Hazitakwambia kitu. Toa zote, tupa, weka mpya bila kuangalia. Nakuomba kwa jina la Baba.

Ni mimi.


17 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kwamba hamjambo wote. Huku hakuna habari ila hii moja.

Nimefungua breki.

Nilianza na gurudumu la nyuma kulia, maana ndilo lililokuwa mbali zaidi na moyo wangu. Mimi nina tabia moja ya kazi: nati nikishaikaza kabisa, naitia tone la rangi nyekundu, ili jicho liniambie hata kichwa kikisahau. Tone lilikuwepo. Nikaenda gurudumu la pili, lipo. La tatu, lipo. La nne, lile la mbele kushoto lililogonga ukuta, niliondoa bati lililokunjamana kwa msumeno. Lipo. Halijapasuka.

Nikafuata paipu za mafuta ya breki kwa vidole, kuanzia nyuma hadi mbele. Zote nzima. Ndani ya ngoma za breki hakuna hata doa moja la kuvuja. Niliyafanya haya yote, nikatoka nje, nikayarudia tangu mwanzo. Sikukosea, mwanangu. Sikuacha kitu. Breki zile zingesimamisha lori.

Nilikaa pale kwenye ndoo yangu nikicheka. Kisha nikajiuliza: kama breki zilikuwa nzima, kilichokataa ni nini?

Jana nikawa natoa zulia la sakafuni upande wa dereva, nipate kuziba kutu. Lilikuwa limejikunja kwa mbele. Nikalivuta. Nyuma ya mkono wa pedali ya breki kulikuwa na kitu kimebanwa. Nikadhani ni kiota cha panya. Nilikitoa kwa koleo, maana kilikuwa kimeshikamana na chuma.

Ni kiatu cha mtoto. Cha plastiki, cha bluu, cha mguu wa kushoto, kina kipepeo kwenye kishikizo. Kimekuwa bapa. Kwenye soli kuna alama ya pedali, imeingia ndani, kama mtu aliyekanyaga kwa nguvu zake zote na pedali isishuke.

Unakikumbuka kiatu hiki. Mama yako alikitafuta siku tatu kando ya barabara ile, akiinama kwenye majani, watu wakimshika mikono wamrudishe. Mtoto akazikwa na kimoja.

Mtu aliyekaa kiti cha nyuma amekunja nne, kiatu chake hakifiki kule.

Siku ile wewe ulikuwa nyumbani. Ulikuwa na miaka kumi na minne, na kazi ya geti ilikuwa yako. Nakuuliza jambo moja, na usinijibu kwa habari za tonsili. Walipotoka, Bosi alikuwa amekaa wapi?

Baba yako mdogo.


30 Julai

Mwanangu,

Wiki sita zimepita. Posta wananifahamu sasa kwa kwenda kuuliza.

Bodi nimemaliza kuinyoosha. Nimepiga rangi ya kwanza.

Alikuwa amekaa wapi?


21 Agosti

Baba Mdogo,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara nne. Mume wangu amempeleka mtoto sokoni, Mama amelala na redio yake, na mimi nimejifungia stoo kama mwizi.

Alikuwa mapajani kwa Baba.

Ndivyo walivyokuwa wakifanya. Wakitoka tu getini, Baba anamvuta mbele, anamweka mapajani, anamwachia usukani hadi dukani. Ilikuwa siri yao, na mimi nilihongwa peremende nisimwambie Mama. Siku ile nilifungua geti, nikamwona ameshika ule usukani kwa mikono miwili, amenikazia uso kama dereva wa kweli. Alinipigia honi. Nilimpungia mkono.

Jioni ile Baba aliporudi kutoka hospitali na mkono umefungwa, watu wamejaa sebuleni, nilimsikia akisema Bosi alikuwa kiti cha nyuma, na breki zilikataa. Akaniona nimesimama mlangoni. Hakunikonyeza wala kunitisha. Alinitazama tu. Nikaenda jikoni kuwachotea watu maji. Ndiyo hivyo, Baba Mdogo. Hatukuwahi kulizungumza, yeye na mimi, miaka kumi na minane.

Lakini si hilo tu, na hili linalofuata ndilo lililofanya nisijibu.

Mwaka jana, alipolala kitandani moja kwa moja, nilichukua likizo nikaja kumuuguza. Mkono wake haukuandika tena. Asubuhi moja, Mama yuko nje anaanika, akaniambia nilete karatasi. Akasema, nikaandika. Imo humu ndani ya bahasha. Aliniambia nikutumie siku ile ile. Nilifika nayo hadi posta, nikasimama mbele ya dirisha, karani akaniuliza, "Dada, stempu?" Nikasema nimesahau kitu nyumbani. Nikarudi nayo kwenye mkoba.

Ulitaka kujua kwa nini. Mama alikuwa akimwogesha. Akimgeuza, akimlisha kwa kijiko, akimsomea magazeti. Mtu wa kumlaumu alikuwa wewe, alikuwa na wewe tu, na alikuwa amezoea. Ningekuondoa wewe hapo, angebaki na nani? Angebaki na Baba, yule yule aliyekuwa mikononi mwake. Nikasema moyoni, Baba Mdogo amevumilia miaka yote hii, ataweza tena kidogo. Nilikufanya mtu wa kubebeshwa kwa sababu ulikuwa umekwisha kubeba.

Na kila siku Baba aliniuliza, "Amejibu?" Nami nikisema, "Bado."

Siku moja mwezi wa Novemba aliniuliza, nikasema bado, akageukia ukutani. Akasema, "Ana haki." Hakuuliza tena. Alifariki Alhamisi iliyofuata.



Ni mimi.


(Karatasi iliyokuwa ndani ya bahasha hiyo)

3 Septemba

Mdogo wangu,

Anayeandika ni binti yangu, mkono umekufa.

Breki zako zilikuwa nzima. Mtoto alikuwa mapajani kwangu. Kiatu kilimtoka kikaingia chini ya pedali, nikakanyaga ikawa kama nakanyaga jiwe. Jioni ile kabla ya kufunika gari niliinama nikakiona. Nilishindwa kukitoa, na nilishindwa kusema. Kila siku nikisema kesho. Ulipokuja kuniomba ufungue gari nilitaka kukwambia pale pale mlangoni, mdomo ukakataa.

Nimekuua ukiwa hai. Njoo unitukane. Mimi nikiwa nasikia. Usichelewe.

Kaka yako.


12 Septemba

Binti wa kaka yangu,

Nimezipata zote mbili.

Sina neno la kukuandikia hadi mama yako awe amesomewa ile ya kaka yangu. Yote. Asomewe na wewe, si na mtu mwingine.


5 Novemba

Baba Mdogo,

Shikamoo. Imenichukua wiki saba, na wiki sita kati ya hizo zilikuwa woga mtupu.

Nilimsomea Jumapili. Alikuwa kwenye meza ya chakula anapiga pasi sare za mtoto. Nikamwambia, "Mama, kaa, kuna barua ya Baba." Akasema, "Baba gani?" Nikasema, "Mumeo." Hakukaa. Aliendelea kupiga pasi hadi nilipofika kwenye neno mapajani. Hapo akachomoa pasi ukutani.

Nilipomaliza alinyoosha mkono nimpe karatasi. Akavaa miwani. Nikadhani ataisoma upya, kumbe alikuwa akitafuta tarehe.

"Tarehe tatu Septemba," akasema. "Nami nilimwogesha hadi Novemba."

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe ulikuwa unajua, unanishikia beseni."

"Ndiyo."

Hakulia. Alikunja sare zote, hata zile ambazo hazijapigwa pasi, akaziweka kabatini. Kisha akarudi akaniambia nikuandikie, na nimeyashika maneno yake kama alivyoyasema: "Mwambie shemeji yangu simwombi msamaha leo. Nikimwomba leo nitakuwa nimemtukana mume wangu, na sijamaliza kumlilia. Lakini mwambie nimejua." Tangu nikiwa na miaka kumi na minne sijamsikia akikuita shemeji.

Tangu Jumapili hiyo hasemi nami. Akitaka maji anamwomba mjukuu wake. Akitaka kuniambia jambo anamwambia mume wangu nikiwa nimesimama hapo hapo. Mume wangu ananiuliza kuna nini kati yenu, nami ndiyo kwanza natafuta pa kuanzia.

Nina likizo mwezi wa Desemba. Nataka nije. Si kwa ajili ya gari. Nataka nikae mbele yako uniambie unalotaka kuniambia, kwa sauti, hata kama yangu huisikii. Niruhusu.

Ni mimi, mwanao.


27 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Mwambie mama yako neno lake limefika, na sina haraka na hilo lingine. Kiatu nimekifunga kwenye kifurushi kwa jina lake, nimekipeleka posta jana. Usikifungue wewe.

Gari limekamilika. Wiki iliyopita nililitoa nje asubuhi, majirani wakasimama na miswaki mdomoni. Nilikwenda nalo hadi juu ya mteremko wa kinu, nikaliachia. Nilipofika chini nikakanyaga. Likasimama mbele ya ule ukuta, karibu kiasi kwamba niliweza kusoma matangazo yaliyobandikwa. Wafanyakazi wa kinu walitoka wakapiga makofi, nikasoma midomoni mwao "Breki! Breki!" Nikashusha kioo nikawaambia jina langu, lile nililopewa na wazazi wangu. Wengine hawakuwahi kulisikia.

Nilidhani siku hiyo nitafurahi. Nilitazama kiti cha pembeni kumwambia kaka yangu, unaona ile bodi, kidogo imekaa mshazari upande wako, nisamehe, sikuwa na mtu wa kunionyesha.

Sasa kuhusu Desemba.

Kutoka kwangu hadi kitandani kwa kaka yangu ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Nimekwenda nikaupima. Kuanzia tarehe tatu Septemba hadi alipofariki ni miezi miwili na siku tisa. Siku zote hizo mimi nilikuwa hapa natengeneza cherehani, nikiamini hanitaki, naye yuko kule anaamini mimi ndiye nisiyemtaka. Siku moja katika hizo ilikuwa siku yake ya kusema "ana haki." Sikuwa na haki yoyote. Nilikuwa sijui. Ningekwenda hata kwa magoti, na nisingemtukana. Hicho ndicho kinachoniumiza kuliko miaka yote kumi na tisa. Kaka yangu amekufa anadhani nilikataa kuja, na wewe ndiye uliyemwambia bado.

Kila nikitaka kukuchukia namwona mtoto wa miaka kumi na minne ameshika geti, mtu mzima amemtazama. Yule sina neno naye. Nilitamani ningekuwepo nimshike mkono. Lakini nikitaka kukusamehe namwona mwanamke mzima mbele ya dirisha la posta, karani anamuuliza stempu.

Usije. Sisemi usije kamwe, maana sijui nitakuwa nani mwakani. Ila Desemba hii, ukiingia hapa na uso ule wa kaka yangu uliouchukua wote, nitakukaribisha, nitakupa kiti, nitakuuliza safari, na hakuna hata kimoja kitakachokuwa kweli. Uongo wa namna hiyo umetosha katika ukoo wetu.

Nakupenda, mwanangu. Sitaki kukuona.

Baba yako mdogo.